Udongo Usioliwa na Mchwa

Akoth alitapika tena kabla chai haijachemka. Mama yake, Pauline, alimfuta mdomo kwa ncha ya lesso, akamlaza begani, akatoka naye nje apate hewa. Asubuhi ya Rangwe ilikuwa na baridi na moshi wa kuni kama siku zote, lakini harufu ile haikumtoka puani. Ilikuwa kwenye nywele zake, kwenye mkeka, kwenye unga. Jana yake alisonga ugali, watoto wakaula bila neno, mumewe Stanley akasifu umeiva vizuri, na yeye mwenyewe alijua kabisa kwamba ugali ule ulikuwa na ladha ya petroli.

"Ni baridi tu," Stanley alisema kutoka ndani. "Nyumba mpya ina unyevu. Ikikauka atapona."

"Macho yake yanatoa machozi, Baba Bravin. Baridi gani hiyo inaliza macho?"

"Nyar Kendu, usianze."

Alimwita hivyo, binti wa Kendu, kila alipotaka kumkumbusha kwamba hapa alikuja kuolewa. Pauline alitazama ng'ambo ya barabara, chini ya mteremko, palipokuwa na ile stesheni ya petroli ya zamani. Siku hizi ilizungushiwa mabati. Juu ya mabati lilichungulia lundo la udongo mweusi, na udongo huo huo ndio uliokuwa ukutani nyuma yake, umekandikwa kwa mikono yake mwenyewe, laini kama kibuyu.

Mwenye stesheni alikufa zamani. Watoto wake walikuja kutoka Nairobi, wakang'oa pampu, wakaziuza kama vyuma chakavu na kwenda zao. Matangi wakayaacha chini ya ardhi. Huko chini yakaoza polepole na kuvuja, mpaka kisima kilicho nyuma ya kanisa kikaanza kutoa maji yenye rangi rangi juu, na watu wakaacha kuyateka. Kaunti ikauchukua uwanja. Ikaahidi kwamba ukishasafishwa patajengwa soko lenye paa, la wanawake wanaouza barabarani juu ya magunia, wanaokula vumbi wakati wa jua na kurushiwa tope na malori wakati wa mvua. Pauline alikuwa mmoja wao. Aliuza omena. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wenye meza, na kuna siku alienda kusimama pale pale ambapo meza yake ingekaa, akazungusha mikono kupima nafasi.

Msimamizi wa usafishaji, Beverlyne Nyangau, aliwaita mapema na kuwaonya. Udongo huu una sumu, alisema, msiuguse, unaua. Wanawake walipiga makofi. Lakini matangi yalipofukuliwa na lundo likainuka, jeusi, linanuka mafuta, kila mmoja wao alijua jambo ambalo Beverlyne, mtoto wa mjini, hakulijua. Rangwe nguzo haisimamishwi kabla haijapakwa oili chafu. Mguu wenye funza huchovywa kwenye mafuta ya taa. Mchwa wa huko wanakula mlango, wanakula kitanda, wanakula hadi Biblia iliyofungwa kwenye begi. Beverlyne alisema udongo unaua. Wao walisikia unaua mchwa.

Mlinzi wa lango alikuwa Werema, Mkuria wa upande wa Migori, mtu wa tumbo lake. Sahani ya omena za kukaanga na nyanya ilitosha kumfanya ageuke atazame upande wa kanisa. Pauline alikuwa wa kwanza kuingia na beseni.

Na alikuwa na haraka yake. Stanley hakuweza kuanzisha boma lake mpaka kaka yake mkubwa, aliyekuwa akifanya biashara Suna, arudi kujenga la kwake kwanza. Ndiyo mila. Kaka akasema mwaka huu, akasema mwaka ujao, na Pauline akazeeka ujana wake wote ndani ya ua wa mama mkwe, nyumba ikiliwa na mchwa mpaka fremu ya dirisha ikabaki maganda. Hatimaye kaka alijenga. Hazikupita siku nyingi Stanley naye akatoka alfajiri na shoka na moto, mwanawe Bravin mbele amekumbatia jogoo, Pauline nyuma na Akoth mgongoni. Siku hiyo hiyo nyumba ikasimama, na wanawake wakaja kukandika.

Tangu hapo mpaka siku za mila ziishe, walipaswa kulala pale na moto usizimike. Kurudi kulala kwenye boma la zamani kulikuwa ni kukaribisha chira, laana inayokausha familia, na chira haina adabu, huanza na watoto.

*

Zahanati ilikuwa na foleni. Mwanamke aliyekaa naye kwenye benchi alivuta hewa, akamtazama, akasogea. Wa pili naye akasogea. Benchi likabaki na Pauline katikati na nafasi kila upande, kama mtu mwenye upele.

"Huyu anauza ile petroli ya magendo ya mpakani, ama?" mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilifika hadi dirisha la dawa.

"Labda mtungi umemmwagikia."

Wakacheka. Pauline aliinamisha uso kwenye nywele za mtoto. Alikuwa ameoga kwa sabuni ya kipande, akajisugua mpaka ngozi ikamwuma.

Tabibu alikuwa kijana, Onchiri, mpole, amechoka. Alisikiliza kifua cha Akoth, akasikiliza tena mgongoni.

"Nyumbani mnatumia stovu ya mafuta?"

"Ndiyo, daktari," Pauline alidanganya upesi.

"Mnalala nayo ndani?"

"Ndiyo."

"Basi itoe. Mtoto anavuta mafuta usiku kucha, kifua kinakataa. Na kwa sasa asilale kwa hiyo nyumba kabisa. Akiendelea hivi itabidi nimpeleke Homa Bay, na sitaki tufike huko. Nyanya yake yuko?"

"Yuko."

"Yuko karibu?"

"Hapo tu."

"Sasa si ni rahisi? Alale kwa nyanya yake," Onchiri alisema, akaandika dawa ya homa. Pauline aliitikia ndiyo, akashukuru, akatoka. Njiani alijiuliza angemwelezaje kijana yule kwamba hapo tu ni mbali kuliko Homa Bay.

*

Mama mkwe wake, ambaye Rangwe nzima ilimwita Nyar Gem, alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Alimtengea Pauline kigoda kabla ya salamu kwisha. Hawakuwa maadui. Walikuwa wanawake wawili waliopikia jiko moja miaka mingi, na hilo lina mambo yake.

"Mama, nimekuja kuomba," Pauline alisema. "Daktari amesema Akoth asilale kule kwa sasa. Nilikuwa nasema alale hapa kwako. Mchana nitakuwa naye, ni usiku tu."

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya gunzi.

"Usiku tu?"

"Ndiyo, mama."

"Usiku ndio wenyewe, nyar Kendu."

"Yeye ni mtoto. Hajui mambo ya—"

"Mimi nilizika wawili," Nyar Gem alisema. Hakupandisha sauti. "Kabla ya Stanley na kaka yake. Unajua kwa nini? Baba yao aligombana na mimi, akarudi kulala kwa mama yake, na sisi tulikuwa tumeshahama. Usiku mmoja. Watu wa hospitali walisema malaria. Sawa, walikuwa na malaria. Lakini watoto wote wa hapa walikuwa na malaria mwaka huo, mbona walikufa wangu?"

Pauline alikuwa amekuja amejiandaa kupambana na ukali, na sasa aliona hakukuwa na ukali wowote wa kupambana nao. Mama huyu aliogopa. Aliogopea mtoto yule yule, kwa moyo ule ule, na woga wake ulivuta upande wa pili.

Nyar Gem alimchukua mjukuu, akamweka mapajani, akamnusa kichwani kama wanavyofanya akina nyanya, kisha akakunja uso.

"Mbona ananuka hivi?"

"Ni udongo, mama."

"Si ulisema ni udongo mzuri?"

"Nilisema," Pauline alijibu, na machozi aliyoyabana tangu zahanati yakamshuka.

*

Mkutano uliitwa mchana wa siku iliyofuata, pale pale stesheni, chini ya turubai. Beverlyne Nyangau alisimama mbele na kofia yake ngumu ya manjano kwapani. Alizoea kuanza kwa mzaha. Leo hakuanza kwa mzaha.

"Lori la kubeba huu udongo linakuja wiki hii," alisema. "Unaenda mahali mbali na watu, utandazwe, ugeuzwe-geuzwe mpaka mafuta yaishe. Nilipiga hesabu ya ule tulitoa chini. Sasa naangalia lundo, naona limepungua. Tena siyo kidogo. Umeenda wapi?"

Wanawake waliangalia vidole vya miguu yao. Werema, langoni, aliangalia kanisa.

"Labda mvua," alisema Bonareri, mwenyekiti wa kikundi, muuza ndizi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. "Mvua ya juzi ilikuwa na nguvu sana, madam."

"Mama, mvua haibebi udongo ikapanda nao mlima. Nisikilizeni. Sitafuti mtu wa kufunga. Lakini siwezi kuandika kwamba hapa ni safi kama sijui uchafu umeenda wapi. Nisipoandika, soko halijengwi. Ni hivyo tu."

Manung'uniko yakapita chini ya turubai. Bonareri aliinama, mdomo wake ukakaribia sikio la Pauline.

"Ukifungua mdomo soko limekufa," alinong'ona. "Nyamaza. Atachoka."

Pauline alinyamaza. Akoth alikuwa mgongoni mwake amefungwa kwa lesso, na alisikia kila pumzi yake ikimgonga mgongoni, fupi fupi, yenye mluzi mdogo mwishoni. Akawaza meza. Akawaza paa, na mvua ikinyesha juu yake huku omena zikiwa kavu. Pumzi ikaja, mluzi. Akajikuta amesimama.

"Madam, swali."

"Sema, mama."

"Kama mtu... mtu tu, simjui... kama angechukua kidogo akakandike nyumba. Kwa sababu ya mchwa. Inaweza kuwa mbaya?"

Beverlyne aliiweka kofia chini.

"Kuna watu wanalala kwa hiyo nyumba?"

"Wanalala."

"Kuna mtoto?"

Pauline alifungua mdomo amjibu habari za huyo mtu asiyemjua. Mgongoni Akoth akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja, na turubai zima likageuka kutazama.

"Ni mimi," Pauline alisema. "Nyumba ni yangu. Ile pale juu."

"Uuwi, Mama Bravin!" Bonareri alipiga makofi ya mshangao, akawageukia wenzake. "Kumbe ni wewe? Na sisi tukikaa hapa tunaulizwa kama wezi! Madam, huyu alienda peke yake. Kikundi hakijui."

"Hatujui," wanawake wakaitikia, mmoja baada ya mwingine. Pauline aliwatazama. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa ameongozana naye siku ile ya kubeba, beseni kwa beseni. Na jiko la Bonareri lilisiribwa kwa udongo huo huo, chini na juu, mpaka na banda la kuku. Alihisi hasira ikimpanda kama maziwa yanayochemka, na ilibaki kidogo tu imwagike.

Beverlyne alilitazama lundo, kisha akamtazama yeye.

"Wewe peke yako ndiye ulibeba udongo wote huo?"

"Nina kichwa kigumu, madam," Pauline alisema.

*

Walipanda mteremko mchana ule ule: Beverlyne mbele, nyuma yake vibarua wenye ovaroli nyeupe, barakoa, sululu na magunia ya plastiki. Wapita njia walisimama kuangalia. Kulikuwa na watu waliodhani kuna maiti.

Stanley alikuwa mlangoni. Habari zilimfikia kwenye kibanda chake cha kuziba pancha kabla mkutano haujavunjika, na mikono yake bado ilikuwa na gundi.

"Hakuna mtu atagusa huu ukuta," alisema.

"Baba, pole sana," Beverlyne alisema. "Tutautoa, halafu tutawaletea udongo mwingine safi, na watu wa kuwasaidia kukandika. Kwa sasa kuna nyumba ya wageni Homa Bay mjini, mradi utalipa. Mnaweza kwenda leo."

"Homa Bay! Umesikia, nyar Kendu? Nilale Homa Bay, na boma langu halijamaliza siku zake!" Alicheka kicheko kibaya. "Madam, wewe ni Mkisii, sikulaumu. Lakini muulize huyu. Yeye anajua. Alijua wakati anabeba, na alijua wakati anaenda kunitangaza kwa mkutano. Miaka yote nimengoja kaka yangu. Watu wananiita kijana wa mama. Leo nina lango langu, halafu nitoke nikimbie kama mtu aliyefiwa?"

"Mtoto hapumui, Baba Bravin," Pauline alisema.

"Na akifa kwa chira utasema nini?"

"Na akifa kwa harufu wewe utasema nini? Utamwambia nani kwamba nyumba ilibaki?"

Hakuwahi kumjibu hivyo mbele za watu. Stanley alipepesa macho. Hakuondoka mlangoni. Nyar Gem alikuwa amefika, anahema kwa mteremko, amesimama kwenye lango jipya na mkono kifuani, hajui aingie au abaki. Vibarua waliegemea sululu zao. Beverlyne alitazama saa, akatazama mtoto, na kwa mara ya kwanza akaonekana mdogo, msichana tu aliyetumwa na ofisi kwenye jambo lisilo na maelezo kwenye karatasi zake.

Pauline alifungua lesso, akamkabidhi mama mkwe mtoto. Kisha akampita mumewe, chini ya mkono wake ulioshika fremu, akaingia ndani.

Walimsikia akivuta mafiga. Alipotoka alikuwa amebeba kigae cha chungu kilichovunjika, na juu ya kigae makaa mekundu, yanafuka.

"Moto?" Beverlyne alipiga kelele, akarudi nyuma. Vibarua walitawanyika kama kuku. "Mmekuwa mnawasha moto humo ndani? Na huo udongo ukutani? Mungu wangu!"

Pauline hakumsikia. Alitembea polepole, macho kwenye makaa, mpaka katikati ya uwanja, mbali na ukuta, palipo wazi. Akayaweka chini. Akarudi, akachukua figa la kwanza, likiwa bado na joto, akalibeba na kitambaa. Akaenda kwa la pili, akarudi kwa la tatu. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Akayapanga kuzunguka makaa, akapiga magoti, akapuliza mpaka ulimi wa moto ukasimama. Kisha akaleta mkeka, akautandika kando, akaketi na kunyoosha miguu.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Akamgeukia mumewe.

"Baba Bravin, nakuuliza. Hapa nilipokaa ni kwa nani?"

"Ni kwangu," Stanley alisema.

"Ni ndani ya lango ama nje?"

"Ndani."

"Moto umezimika?"

Stanley alitazama moto. "Haujazimika."

"Basi nani amehama? Mimi nitalala hapa. Hapa hapa, na Akoth, mpaka siku ziishe, mvua ije isije. Aliyesema mila ni ukuta ni nani? Mimi nilitoka kwenu na moto na jogoo. Sikutoka na ukuta."

Hakuwa na hakika. Hakuna aliyewahi kumfundisha hayo, alikuwa ameyatunga akivuta mafiga, na sasa alimtazama mama mkwe wake na kusubiri, kwa sababu kati ya wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyelipia jambo hili kwa watoto wawili.

Nyar Gem alibaki langoni muda mrefu na mjukuu kifuani. Mwishowe akaja, taratibu, akamweka Akoth kwenye mkeka upande ule upepo ulikotoka, mbali na moshi. Akanyooka. Akautazama moto kama mtu anayepima unga kwa macho.

"Kuni hizi hazitafika asubuhi," alisema. "Stanley, toka hapo mlangoni ukatafute kuni."

Stanley akatoka.

*

Waliubomoa ukuta mpaka zikabaki fito. Udongo ulianguka vipande vipande, na ndani yake, penye unyevu, ulikuwa na rangi ya samawati kama shingo ya njiwa. Pauline hakutaka kuona lakini aliona. Kila kipande alikikumbuka, alikikandika siku ya furaha kuliko zote alizopata tangu aolewe. Jua lilipotua, nyumba yake ilikuwa kama tenga, unaona nyota upande huu na taa za barabarani upande ule. Alilia, na hakujificha.

Kulipokucha, umande ulikuwa umelowesha blanketi na Stanley alikuwa bado amelala ameketi, mgongo kwenye rundo la kuni. Pauline alitegea sikio. Pumzi ya mtoto bado ilikuwa na mluzi. Ila ulikuwa mfupi, na uliruka, ukaja, ukaruka tena. Hakumwambia mtu, asije akautia mkosi.

Bonareri alikuja kabla barabara haijachangamka. Alipanda njia ya nyuma, ile ya kupitia mashambani, na beseni kichwani lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Alipomwona Pauline ameketi nje hapana ukuta wa kumkinga na macho ya mtu, alishtuka, kama vile alitegemea kupita bila kuonekana.

"Umeamkaje, Mama Bravin."

"Vizuri. Umebeba nini?"

"Ndizi."

Upepo ukageuka kidogo. Wakatazamana.

"Weka chini," Pauline alisema. "Shingo itavunjika. Njoo nikutue."

Walilishusha pamoja. Lilikuwa zito, na jani moja likateleza. Bonareri alijifuta jasho, hakuketi.

"Wamama walikaa jana jioni," alisema. "Wamesema wewe umechelewesha soko. Sasa madam anasema lazima apime upya. Wamekutoa kwenye orodha. Meza yako watapewa wengine."

Pauline alichochea moto, ingawa haukuhitaji kuchochewa. Maumivu yalikuja mahali alipoyatarajia na bado yalimwuma.

"Na wewe ulisema nini?"

"Niliinua mkono." Bonareri aliangalia pembeni. "Wote waliinua. Ningefanyaje?"

"Sawa."

"Usiniangalie hivyo. Wajukuu wangu wanalala jikoni. Mdogo ameanza kukohoa." Sauti ya kuongoza nyimbo ilikuwa imempotea. "Nimekwangua chini usiku. Nilikuwa nafikiri... wewe umeshasema ni wewe. Nikiuacha hapa kwako, wale watu wakija watabeba na huu. Nani atajua?"

Hapo hasira ya jana ilirudi, nzima, na Pauline aliiacha ije. Alilitazama beseni. Alimtazama mwanamke huyu aliyemwita mwizi mbele ya watu, akainua mkono kumnyima meza, na sasa amemletea uchafu wake amwekee. Angeweza kupiga yowe pale pale, barabara nzima ikasikia. Kisha akawaza huyo mdogo anayekohoa jikoni, na yowe akaliacha.

Akasimama. Akaiviringa upya ngata ya Bonareri, akamwekea kichwani.

"Inama."

"Mama Bravin—"

"Inama nikutwike." Akalinyanyua beseni, likakaa. "Peleka kwa lango la stesheni, mchana kweupe, umwambie Beverlyne ni wako. Kichwa changu kimebeba ya watu, kimechoka."

"Nikisema ni wangu watanitoa na mimi."

"Basi utakuja ukae na mimi barabarani," Pauline alisema. "Nafasi iko."

Bonareri alisimama pale kitambo, mzigo kichwani, hawezi hata kuinamisha uso. Kisha akageuka. Hakupita njia ya mashambani. Alishuka mteremko wa mbele, ule unaoonekana na kila mtu, mkono mmoja juu ya beseni, na Werema akamwona kwa mbali akaanza kufungua lango.

Nyuma ya Pauline, mkeka ulichakarika. Akoth alikuwa ameketi, nywele zimesimama, anayatazama mafiga yaliyohama na sufuria isiyo na kitu.

"Mama," alisema. "Uji."